Nyumba nzima 2,400, chumba kimoja 3,000: kisa cha nyumba ya mtaa wa Barani, Malindi

Mpangaji akipangisha watu vyumba kinyemela amekosa, hapo sina ubishi. Kinachoniuma ni hii imani iliyoshika hapa Malindi kwamba mpangaji akishakosa basi mwenye nyumba ana ruhusa ya kuja na fundi na mtaimbo akang'oa mlango, na imani yenyewe imeshika mpaka majirani wanasimama kando wanasema "si nyumba yake bwana". Nyumba ni yake ndio, lakini ruhusa hiyo hana, na kisa cha Barani kinaonyesha vizuri kwa sababu mpangaji na mwenye nyumba kila mmoja alikuwa na kosa lake na haki yake, halafu waliolala nje ni wale ambao hawakuvunja sharti lolote. Vitu vidogo vidogo nimevibadilisha ili watu wasitambulike, ila hesabu ni zile zile.

Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili ya kawaida, baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo, jiko na kisima. Mwenye nyumba alikuwa mzee mmoja ambaye ardhi si yake, yaani ni nyumba bila ardhi kama zilivyo nyingi huku pwani, yeye analipa kodi ya kiwanja kwa wenye shamba na anapangisha jengo. Aliipangisha tangu zamani, na mwishowe akamwachia rafiki yake na mkewe nyumba nzima. Rafiki akafa, mjane akabaki, tumwite Mama tu. Kodi ilikuwa inapanda kidogo kidogo mpaka ikafika shilingi 2,400 kwa mwezi, nyumba nzima, ikasimama hapo. Watu wanashangaa vipi mzee aliridhika na 2,400. Mzee alikuwa anasema nyumba inayokaa mtu haianguki, na kweli Mama ndiye aliyekuwa anaitunza, makuti yalipooza ni yeye aliyenunua mabati geji 30 kwa pesa yake na karatasi ya hadwea anayo, ndoo za rangi yeye, kamba ya kisima yeye.

Watoto walipoolewa na wengine wakaenda Mombasa kutafuta maisha, vyumba vikabaki vitupu. Mama akaanza na fundi cherehani mmoja aliyetaka chumba cha mbele karibu na baraza. Halafu wakaja vijana wawili wa bodaboda wakashika kimoja wakigawana kodi, halafu dobi wa hoteli, dada mdogo tu, na mtoto wake mchanga. Kila chumba 3,000. Mama na mjukuu wake wakabaki na vyumba viwili na stoo.

Sasa piga hesabu. Vyumba vitatu mara 3,000 ni 9,000 kila mwezi. Anatoa 2,400 anampelekea mzee, anabaki na 6,600 na bado yeye na mjukuu wanalala bure. Dobi peke yake, kwa chumba kimoja ambacho kitanda kikiingia mlango haufunguki wote, alikuwa analipa kuliko Mama anavyolipa kwa nyumba nzima. Mimi Mama namheshimu, amenipikia tangu nikiwa mdogo, lakini hii hesabu siwezi kuipaka sukari, na nilimwambia mwenyewe. Akanijibu, "Mwanangu, na mabati je? Na hizi dawa zangu za presha nanunua na nini?" Jibu lake lina uzito. Ila mabati yana hesabu yake na yanaisha kulipika, kodi ya 3,000 haikuwa na mwisho.

Je, mzee alijua? Alijua. Alikuwa akija pale barazani Alhamisi anakunywa kahawa na fundi cherehani akimshonea kanzu. Wala hajawahi kuandika kwamba amekubali. Lakini kwenye simu ya Mama kuna meseji yake, ameandika "mwambie fundi asiweke mashine barazani watu wanapita". Hiyo meseji shikeni, ina kazi baadaye.

Mzee akafariki. Ameacha kijana mmoja na mabinti wawili, mke wake alishatangulia. Kwa mirathi ya Kiislamu hapo nusu ni ya kijana na nusu nyingine mabinti wanagawana, lakini kwa Kadhi walikuwa hawajaenda, kijana akajifanya nyumba ni yake peke yake. Akaja, akakuta watu asiowajua wanaingia na kutoka, akauliza kodi, akaambiwa 3,000 kwa chumba, na moto ukawaka hapo hapo. Unaweza kumwelewa, babake analetewa 2,400 na kumbe mlangoni inaingia 9,000. Akataka 15,000 kwa mwezi kuanzia mwezi unaofuata, na kama haiwezekani wote wahame ndani ya wiki. Mama akamwomba, "Mwanangu, babako kanijua umri wangu wote, nipe hata mpaka mwezi wa saba hoteli zifunguke watu wapate kazi." Akamwambia, "Mama, mimi sina ugomvi na wewe, lakini umekula pesa ya babangu."

Wiki ikapita. Ijumaa moja baada ya swala, tena mwezi wa tano mvua za masika zikiwa zimeshika, hoteli nyingi zimefungwa na yule dobi yuko nyumbani bila mshahara, kijana akaja na mafundi wawili. Wakang'oa mlango wa mbele na fremu yake, wakapanda juu wakatoa mabati upande wa vyumba vya wapangaji, wakafunga kisima kwa mnyororo na kufuli. Cherehani ya fundi, ile ya kukanyaga kwa miguu, ikatolewa ikawekwa barabarani na kitambaa cha mteja bado kiko chini ya sindano. Godoro la dobi likalowa chapa. Vijana wa boda walikuwa kazini, waliporudi wakakuta nguo zao kwenye gunia.

Mzee wa mtaa akaja, akasema ngojeni chifu. Chifu akaandika barua kuwaita pande zote Jumatatu, na hilo ndo aliloweza, kwa sababu chifu anaweza kusuluhisha lakini hana uwezo wa kuamua nani akae nyumba gani, wala barua yake si amri ya kuhamisha mtu. Polisi tukaambiwa na askari wa zamu "hii ni sivil, nendeni kortini", yaani ni madai ya watu wenyewe kwa wenyewe, si jinai. Tukakataa kuondoka mpaka iandikwe kwenye OB, lile daftari la matukio la polisi, na ikaandikwa. Hapo nasisitiza: hata ukiambiwa ni sivil, mlango kung'olewa na kisima kufungwa mnyororo ni tukio, omba namba ya OB kwa adabu na usiondoke bila hiyo namba.

Tuje kwenye sheria. Kenya tuna sheria ya kudhibiti kodi za nyumba za kuishi, Rent Restriction Act, Cap 296, ni ya tangu 1959. Inalinda nyumba ambayo kodi yake ya msingi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kama nyumba ilikuwa imepangishwa tarehe 1 Januari 1981 basi kodi ya msingi ni ile iliyokuwa inalipwa siku hiyo. Ndio, 2,500. Ni kiwango cha zamani mno, Nairobi hata choo hupati kwa bei hiyo, na mwaka 2021 kuna mswada ulipelekwa bungeni wa kuunganisha hizi sheria za mwenye nyumba na mpangaji. Wengi wakisikia 2,500 wanadhani sheria imekufa. Haijafa, na kwenye nyumba za zamani za Majengo, Barani na Shella bado kuna watu wako ndani yake bila kujua. Mama alikuwa mmoja wao. Nyumba haikuwahi kupangishwa zaidi ya 2,500 tangu mzee aijenge, na kijana kutamka 15,000 hakuitoi nyumba kwenye sheria, kwa sababu kodi haibadiliki kwa mwenye nyumba kutamka tu.

Nyumba ikishakuwa chini ya hii sheria, kumtoa mpangaji ni lazima upate amri ya Rent Restriction Tribunal, yaani baraza linaloamua kesi za hii sheria, sisi tunaliita traibunali tu. Sababu za kuomba amri zimetajwa: kodi haijalipwa, masharti mengine ya upangaji yamevunjwa, mpangaji ni kero kwa majirani au anaiharibu nyumba, mwenye nyumba anaihitaji akae yeye, na ndani ya hizo sababu imo pia hii yetu, mpangaji kuwapangishia wengine bila idhini. Kwa hivyo kijana alikuwa na kesi! Hii ndo inaniuma zaidi katika kisa chote, alikuwa na sababu halali mkononi, angeipeleka Mombasa kwa traibunali na angesikilizwa. Badala yake akachukua mtaimbo. Na sheria hiyo hiyo inasema kumtoa mpangaji bila amri ni kosa, na kumsumbua makusudi ili ahame mwenyewe pia ni kosa, na mnyororo wa kisima siwezi kuupa jina jingine. Kwa hivyo yeye aliyekuwa analalamika kuibiwa akageuka kuwa ndiye mwenye kosa la jinai, kwa kazi ya saa moja tu.

Tena hata angekwenda traibunali si kwamba angepewa amri moja kwa moja. Sababu ikithibitika bado wanaangalia kama ni haki kumtoa huyu mtu, kwa hali hii, kwa wakati huu. Na hapo ile meseji ya mzee inaingia. Kama mwenye nyumba alijua kuna fundi ndani, akashonewa kanzu naye, akatuma meseji kuhusu mashine yake, na akaendelea kupokea kodi mwezi baada ya mwezi bila kusema neno, mrithi atasimamaje aseme babangu hakukubali? Mrithi anairithi nyumba pamoja na yale babake aliyoyaacha yapite. Sisemi ile meseji inatosha kama idhini, mtu wa upande wa pili angesema kujua si kukubali, na angekuwa na hoja, hasa kwa dobi na wale vijana ambao walikuja baadaye na mzee hakuwataja popote. Kwa fundi cherehani mimi naona ilikuwa na nguvu. Ndio maana nawaambia watu, ukitaka kumweka mtu chumbani andika, hata kwa meseji ya simu, "mzee naomba nimuweke fulani chumba cha mbele", na yeye ajibu. Dakika mbili.

Sasa wapangaji wa Mama. Hawa ndo wanasahaulika kila mara. Mwenye nyumba anawaona kama wavamizi, mpangaji mkubwa anawaona kama wageni wake, wakati sheria inawaona kama wapangaji. Aliyepangishiwa kihalali kabla kesi haijaanza ana ulinzi wake mwenyewe, mpangaji mkubwa akitolewa yeye haondoki naye hivi hivi. Asiyepangishiwa kihalali msimamo wake ni dhaifu, hilo kweli, lakini hata yeye hatolewi kwa mtaimbo. Na kuna upande Mama hakuupenda nilipomweleza: kwa dobi, mwenye nyumba ni Mama. Yeye ndiye anayepokea kodi, kwa hivyo masharti yale yale yanayomlinda yeye dhidi ya kijana yanamfunga yeye dhidi ya dobi. Huwezi kukimbilia kivuli cha kodi iliyodhibitiwa, halafu ukishakaa pale unauza kivuli kwa wengine kwa bei ya jua. Nyumba nzima 2,400 vyumba sita, ukigawanya sawa ni 400 kwa chumba, yeye anatoza 3,000, na traibunali ikiulizwa kodi halali ya kile chumba ni ngapi sidhani ingekaribia hata nusu ya hiyo.

Binamu yangu anaishi Bronx, New York, nilipomsimulia akacheka kwa uchungu maana kwao ni kesi za kila siku. Kule kuna nyumba za kodi iliyodhibitiwa chini ya sheria ya 1969, na penye kodi ya zamani ya chini na soko liko juu, mtu anashawishika vile vile. Mpangaji wa nyumba kama hiyo anaweza kupangisha kwa muda akiomba idhini kwa barua ya posta inayosainiwa ikipokelewa, mwenye nyumba ana siku 30 kujibu na asipojibu inahesabiwa amekubali, na kodi haitakiwi kuzidi ile ya kisheria, labda kuongeza asilimia 10 kama umemwachia fanicha zako. Anayetoza zaidi ya hapo anaweza kupoteza nyumba yake kabisa. Lakini na kule, mtu aliyekaa siku 30 hatolewi bila korti, mwenye nyumba akibadilisha kufuli ni kosa la jinai. Ile siku 30 za kujibu ningependa sana sisi tuwe nayo, ingemaliza hizi habari za "alijua", "hakujua".

Turudi Barani. Kituo Cha Sheria, shirika la msaada wa kisheria, wana ofisi Mombasa, ndiko tulikoanzia kupata ushauri. Mama alikuwa na vitu vitatu vya maana: meseji za M-Pesa za kodi zote, hata mwezi mmoja haujaruka, karatasi ya hadwea ya mabati, na ile meseji ya mashine barazani. Kesi ikapelekwa traibunali, nayo ikatoa amri ya muda, mlango urudishwe, kisima kifunguliwe, watu wasiguswe mpaka kesi isikilizwe. Kijana akarudisha mlango siku ya pili yake. Mabati alirudisha nusu, mengine fundi alikuwa ameshayauza. Na ajabu ni kwamba alikuwa hajui yale mabati si ya babake. Alipoonyeshwa karatasi ya hadwea yenye jina la Mama alinyamaza kitambo, nadhani ndo mara ya kwanza alielewa kwa nini babake hakuwahi kupandisha kodi.

Kilichogeuza mambo lakini si karatasi, ni dada zake. Hawakuwa wameambiwa lolote. Mkubwa akasafiri kutoka Lamu, akaja akakaa uani na Mama asubuhi nzima, halafu akamwambia ndugu yake mbele yetu, "Nyumba ina wenyewe watatu, wewe umeng'oa mlango wa nani?" Wakaenda kwa Kadhi wakamaliza mirathi kwanza, kisha wakarudi mezani kwa makubaliano.

Makubaliano yaliandikwa na kupelekwa traibunali yakaingizwa kama amri. Mama amebaki na vyumba vyake viwili na stoo kwa 1,800. Vile vitatu vingine vimerudi kwa warithi, na dobi amebaki kwenye chake kama mpangaji wao moja kwa moja, 2,000 kwa mwezi, na karatasi yake mwenyewe imesainiwa, kitu ambacho hajawahi kuwa nacho popote alipokaa. Mama amemfidia kwa kile alichomtoza zaidi, si chote, wamekubaliana kiasi na kinalipwa polepole. Nusu ya mabati iliyopotea warithi wananunua. Kodi inaingia kwenye simu ya dada mkubwa na anatuma risiti kwa meseji. Watu wengine wanasema Mama ameshindwa maana 6,600 yake imekwisha. Kwangu mimi hakushindwa, anazeekea nyumba ile ile na hakuna mtu wa kumtoa bila amri, na ile pesa sehemu kubwa haikuwa yake.

Vijana wa boda hawakungoja, walihamia Muyeye wiki ile ile na hawataki kusikia habari za kesi. Sikuwalaumu, mtu wa boda akikosa siku moja ya kazi anakosa chakula.

Fundi cherehani ndiye aliyebaki njiani. Yeye hakuwa kwenye makubaliano, alikuwa amekwenda kwao Takaungu kujishikiza, na chumba cha mbele kimeshapewa mtu mwingine. Mashine ililala kwenye mvua usiku mzima, gurudumu limeshika kutu, na kitambaa cha mteja amekilipa mfukoni mwake. Dai lake halijafa kwa sababu ya makubaliano ya wengine, na kiasi chake ni kidogo, kinaingia vizuri kwenye mahakama ya madai madogo ambayo inasikiliza mpaka shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili. Ana picha alizopiga siku ile, ana risiti ya mashine, ana namba ya OB, na meseji ya mzee inamtaja yeye. Barua ya kudai imeshapelekwa kwa kijana, amepewa siku 14, na dada yake mkubwa amepewa nakala.